Msimulizi asiyeaminika ni nani?

Kuna riwaya moja imepita mikononi mwa watu sita tangu msimu wa korosho ulipofunguliwa. Ilianzia Shangani, ikaenda Chikongola, ikapanda Newala kwenye mkoba wa mwalimu, ikarudi Mtwara mjini jalada limejikunja na ukurasa mmoja una doa la mchuzi. Ni riwaya ya Kiingereza, ya taharuki, ile taharuki ya ndani ya kichwa cha mtu: hakuna polisi wala bastola, kuna mtu anayemuuguza dada yake katika nyumba ya upweke, anatuhadithia siku baada ya siku. Kurasa za mwisho zinapindua karibu kila alichotuambia. Jina la kitabu silitaji, maana nikilitaja nimeshakiharibu.

Maoni hayakufanana hata kidogo. Mwalimu alisema hajapata kitabu kilichomkosesha usingizi namna ile. Kijana mmoja hakukimaliza. Alisema yule mtu ana roho mbaya, na yeye hawezi kukaa na mtu wa roho mbaya usiku kucha. Lakini aliyenifanya niandike haya ni dada mmoja anayeuza vitenge. Alinirudishia kitabu kwa hasira: "Kaka, mwandishi wako mwongo. Muda wote ananiambia hivi, mwisho ananigeuka!"

Aliyemdanganya si mwandishi. Ni msimulizi, na hao ni watu wawili tofauti. Mwandishi ni yule mwenye jina lake juu ya jalada. Msimulizi ni mhusika aliyebuniwa na mwandishi, akapewa kazi ya kutuhadithia. Anaweza kuwa na akili timamu au pungufu, ukweli au hila, kama mhusika mwingine yeyote. Tukiona neno "mimi" kitabuni tunasahau haraka kwamba huyo "mimi" naye ametungwa.

Waliokua karibu na ngoma za Kimakonde hawahitaji maelezo marefu. Lipiko, yule mchezaji wa kinyago, anapoingia uwanjani, kinyago kimefunika kichwa, nguo zimefunika mwili, na kwa desturi wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawatakiwi kujua ni nani yumo ndani. Sura unayoiona si ya mchezaji. Wala sijasikia mtu akimshtaki mchezaji kwamba amedanganya uso wake.

Msimulizi asiyeaminika, basi, ni yule ambaye maelezo yake hayawezi kuchukuliwa yalivyo. Istilahi hii ilianzishwa na mhakiki wa Marekani, Wayne C. Booth, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961. Kwake, msimulizi haaminiki pale maneno na maadili yake yanapopishana na yale ambayo kazi yenyewe inayasimamia. Mbinu ni kongwe kuliko istilahi. Mwaka 1843 Edgar Allan Poe aliandika hadithi fupi ya muuaji anayeanza kwa kutuhakikishia kwamba yeye si mwendawazimu, na kadiri anavyohakikisha ndivyo tunavyozidi kusogea nyuma.

Lakini tutajuaje, ikiwa sauti tunayoisikia ni yake peke yake? Hapa ndipo penye utamu wote. Nimetunga kipande kidogo, anayesema ni mlinzi wa ghala la korosho:

"Mimi si mtu wa maneno mengi. Usiku ule nililala mapema, kama kawaida yangu. Yule mzee alipokuja saa nane kuomba maji, nilimwambia kisima kimekauka. Asubuhi wakamkuta. Watu walilia sana. Mimi sikwenda, nilikuwa nafua shati na kuosha viatu."

Soma tena polepole. Amelala mapema, lakini saa nane za usiku yuko macho anajibu watu. Kisima kimekauka, lakini asubuhi ana maji ya kufulia shati na kuoshea viatu. "Wakamkuta" wapi? Hasemi. Kwa nini viatu, na kwa nini asubuhi hiyo hiyo? Na anayeijua Newala ya zamani, watu walivyohangaika na ndoo juu ya uwanda ule, anajua kumnyima mzee maji usiku ni jambo la namna gani, ila mlinzi analitaja kama anayetaja hali ya hewa. Hakuna mtu mwingine aliyezungumza katika kipande hiki. Mlinzi kajishtaki kwa kinywa chake, na mwandishi hakuongeza neno.

Kwa hiyo hoja si uongo peke yake. Ni uongo ulioachiwa nyufa. Msomaji anazungumziwa na wawili kwa wakati mmoja: msimulizi anasema yake kwa sauti, na nyuma yake mwandishi anamkonyeza msomaji. Asiyeuona mkonyezo huo humaliza kitabu akiwa na hasira za dada yangu wa vitenge.

Wala si kila asiyeaminika ni mwongo wa makusudi. Mtoto anasimulia ugomvi wa wazazi bila kuelewa kinachogombewa. Mlevi amesahau nusu ya usiku. Wa kutisha zaidi kwangu ni anayejidanganya mwenyewe, anayeamini kabisa kwamba alichofanya kilikuwa upendo. Riwaya nyingi za giza humtumia huyu, na nadhani ndiye aliyemkosesha mwalimu usingizi: mwongo wa kawaida unaweza kumbana kwa maswali, huyu utambana kwa lipi?

Kuna kosa jingine ambalo wasomaji hulifanya, la kudhani kila msimulizi mwenye moyo mzito haaminiki. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, ana uchungu na dharau, na anatuhadithia mwenyewe. Mimi namwamini. Unaweza kumchukia mtu na bado ukakubali kwamba anakwambia anachokiona. Yule kijana aliyeshindwa kumaliza kitabu alichanganya mambo hayo mawili, ingawa kumlaumu siwezi. Kusoma si adhabu.

Sisi Waswahili, kwa kweli, tusingepaswa kushtuka. Fanani anapoanza kwa "Hadithi, hadithi!", wasikilizaji huitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo tunaualika wenyewe, kwa sauti ya pamoja. Tofauti ni kwamba fanani huomba ruhusa kwanza, na msimulizi wa riwaya hizi haombi.

Hapo ndipo ugomvi ulipo, na si wa leo. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa riwaya ya upelelezi ambayo baadhi ya wasomaji waliilalamikia kwamba amecheza rafu, wengine wakasema kila kitu kilikuwa mezani tangu mwanzo. Kipimo changu ni kusoma mara ya pili. Ukirudi ukurasa wa kwanza huku unajua mwisho, na sentensi zile zile zikasimama zikiwa na maana mpya, mwandishi hakukuibia. Ukikuta zimevunjika, ameiba.

Dada wa vitenge alikichukua tena kitabu wiki mbili baadaye, penseli ikiwa ndani. Kilirudi na mistari pembeni kila sehemu ambayo msimulizi alitaja dawa, na alikubali kwamba nyingi zilisimama. Moja ilimshinda. Ni ukurasa ambapo yule mtu yuko peke yake jikoni, hakuna wa kumdanganya, hazungumzi na yeyote, anawaza tu, na hata katika mawazo yake mwenyewe anajificha jambo alilolifanya saa moja iliyopita. Alikuwa ameandika pembeni: "Hapa anamficha nani?" Nimeutetea ukurasa ule mara tatu, na kila mara nimeshindwa.