Je, wajua kwa nini husemwa "wazimu umempanda"?

Pembeni mwa paki ya teksi Kampala, bodaboda ilimpita mama mmoja muuza ndizi nusura imguse, beseni likayumba kichwani. "Wewe, una wazimu?" akafoka kwa Kiswahili. Kijana Mganda aliyekuwa akiuza soda kando yangu akaniuliza kwa mshangao: "Anasema ana mizimu?"

Hakuwa mbali. Kwa Luganda omuzimu ni roho ya aliyekufa, sawa na mzimu wetu, na wazimu ni neno la mzizi huohuo. Zamani mtu akibadilika akili, ilidhaniwa roho imemwingia. Imani imefifia kwa wengi, lakini lugha imeihifadhi: twasema mtu ameingiwa na wazimu, au wazimu umempanda kichwani, vilevile pepo anavyompanda mtu ngomani. Wazimu ni mgeni aliyepanda bila kukaribishwa.

Sasa linganisha na "hana akili timamu". Timamu ni kamili, neno lenye asili ya Kiarabu. Hapa hakuna aliyeingia. Kuna kilichopungua, kama kwenye punguani. Kwa hiyo Kiswahili kina maelezo mawili yanayopingana: mmoja kaongezewa, mwingine kapunguziwa. Mimi naona la kwanza lina huruma zaidi, maana mgeni huweza kuondoka.

Wanasheria wamelishika la pili. Katiba ya Uganda, ibara ya 80, humzuia asiye na akili timamu kugombea ubunge. Sheria ya tiba ya akili ya 1964 ilibadilishwa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ila mitaani sheria haibadilishi midomo. Kampala mtu hahitaji hata kutaja ugonjwa. Hutaja Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955. "Huyo wa Butabika," basi, kila mtu ameelewa.

Tahadhari ni moja. "Una wazimu?" ni karipio la barabarani na utani wa marafiki. Kwa anayeugua kweli, sema ni mgonjwa wa akili.

Waganda wao huita wazimu eddalu, na mwenye nao omulalu. Ndiyo maana yule wa bodaboda, aliyeelewa Kiswahili vizuri tu, aligeuza shingo akajibu: "Siri mulalu, nnyabo!" Mimi si kichaa, mama. Kisha akapita tena kwa kasi ileile.