Je, wajua kwa nini wauguzi hugombana saa ya kupokezana zamu?

Siku ikianza vibaya katika hospitali zetu za Tabora, utaijua saa moja na nusu asubuhi ukiwa bado kwenye korido. Ndugu wa wagonjwa wamesimama na chupa za uji, mtu wa usafi anapiga deki, na ndani ya wodi ya wazazi sauti mbili za wauguzi zinapanda. Mmoja amefika sasa hivi kwa baiskeli kutoka Ng'ambo, sare imenyooka. Mwenzake hajaketi tangu jana jioni. Jana hawakuwa na neno baya kati yao, na jioni watakutana sokoni wasalimiane vizuri tu. Kwa nini basi wagombane saa hii?

Nimekaa wodini miaka mingi, kwanza muuguzi wa zamu, baadaye inchaji, yaani msimamizi wa wodi, na kwa muda mrefu nilidhani jibu ni tabia. Fulani ana mdomo, fulani mvivu. Tukawa tunabadilisha rosta ili wenye mdomo wasikutane na wavivu. Ugomvi haukwenda popote. Ulibaki saa ileile, mlango uleule, ukabadilisha majina ya wagombanaji tu. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama saa yenyewe badala ya kuwatazama watu.

Zamu inayoingia huona matokeo, haioni usiku. Inakuta dripu imekauka, trei ya kuzalishia ina damu, chati ina nafasi tupu. Haikuona umeme ulipokatika saa tisa, wala haikuona wagonjwa watatu walioletwa kwa mpigo. Mtu anapoona kosa bila kuona mazingira yake, akili yake hukimbilia kuhukumu tabia ya mwenzake: hajali, alilala. Akikosea yeye mwenyewe, anakumbuka mazingira yote. Mwanasaikolojia Lee Ross wa Marekani aliipa mwelekeo huu jina mwaka 1977 na kuuita kosa la msingi la kuhukumu. Wodini unakuwa mkali zaidi kwa sababu wawili hawa wanakutana mmoja akiwa na nguvu zote na mwingine akiwa hana hata ya kujieleza.

Nisimulie asubuhi moja, katika hospitali ambayo sitaitaja.

Tulikuwa na mama aliyepata kifafa cha mimba. Tiba yake ni magnesiamu salfeti, sindano inayorudiwa kila baada ya saa 4. Ni dawa iliyookoa kina mama wengi, lakini haina msamaha: ikizidi mwilini inadhoofisha misuli hadi mgonjwa anaacha kupumua. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi anahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, anagonga goti aone kama mguu unaruka, na anapima mkojo kama unatoka wa kutosha, angalau mililita 30 kwa saa. Ndiyo maana pia kalsiamu glukoneti, dawa inayozuia madhara yake, inatakiwa iwe karibu na kitanda.

Dozi ya saa kumi na mbili asubuhi ilichomwa. Kabla muuguzi wa usiku hajashika kalamu kusaini chati, mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa amejifungua muda mfupi kabla, alianza kutoka damu nyingi. Yule dada akaruka huko. Saa nzima mkono mmoja ulikanda mji wa mimba na mwingine ulitafuta mshipa, huku akiagiza oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, na kumtuma mtu maabara kuulizia damu. Mama akapona. Chati ya kitanda cha kwanza ikabaki tupu.

Saa moja na nusu mwenzake akaingia, akaona nafasi tupu, akasema mbele ya wagonjwa na ndugu zao: "Kwani usiku mlikuja kulala?" Dada wa usiku hakujibu. Alichukua mkoba wake akatoka bila kumaliza ripoti. Wa asubuhi, bado ana hasira, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba, kwa maana sisi wauguzi tumefundwa hivi: kama hujaandika, hujafanya.

Aliyemzuia alikuwa mwanafunzi. Binti mdogo, mwezi wake wa pili wodini, kwa sauti ambayo nusura isisikike: "Mama, ile sindano ilichomwa. Mimi nilishika trei."

Vipimo vya pumzi na goti ni uzio wa pili, na huenda vingemzuia mwenzetu. Huenda visingemzuia. Tangu asubuhi ile nimeacha kuuona ugomvi wa zamu kama suala la adabu peke yake. Wale wawili walipoacha kusemezana, kilichokatika ni taarifa ya dawa, na mgonjwa hakuwa na njia nyingine ya kuipata.

Florence Nightingale aliliona hili kabla yetu. Mwaka 1854 alikwenda na wauguzi 38 kuhudumia askari wa Uingereza waliojeruhiwa katika vita vya Crimea, na siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo tunayoadhimisha kama Siku ya Wauguzi Duniani. Tunamkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku akipita kuwaona wagonjwa. Mimi namkumbuka zaidi kwa hoja aliyoiandika mwaka 1859: kwamba matokeo yote ya uuguzi mzuri yanaweza kuharibiwa na kasoro moja, nayo ni kutojua jinsi ya kuhakikisha kwamba unachokifanya ukiwapo kinafanyika pia usipokuwapo. Hiyo ni kazi ya uongozi, na inaonekana zaidi pale mmoja anapoondoka na mwingine kuingia.

Sasa, kwa nini yule mwanafunzi alinong'ona? Kwa sababu kwetu mtu mzima hakosolewi mbele za watu, na hilo ni jema ambalo sitaki lipotee. Lakini wodi imejaa vyeo vinavyopishana na umri. Afisa muuguzi mwenye shahada, umri wa mtoto, anakuwa inchaji wa mama mwenye cheti aliyezalisha nusu ya mtaa. Asubuhi anampa shikamoo, nusu saa baadaye anatakiwa kumwambia chati yake haijajazwa. Wengi hunyamaza. Wengine, kwa woga wa kuonekana wadogo, huongea kwa ukali. Vyote viwili vinatokana na kukosa njia ya heshima ya kusema jambo gumu.

Njia hiyo inaweza kutengenezwa, na hapa nchini kuna mfano. Kati ya mwaka 2007 na 2008 hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani, pamoja na za London, Toronto na New Delhi, zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha ina vipengele 19. Kimojawapo ni hiki: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu chumbani anataja jina lake na kazi yake, kuanzia daktari bingwa hadi wa mwisho. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Si majina peke yake yaliyoleta hayo, orodha nzima ilichangia. Lakini sababu ya kuyaweka majina ni nzuri: mtu akishafungua mdomo mara moja na kusikilizwa, mara ya pili haimtishi.

Kwa ripoti ya zamu ipo kanuni ya mambo manne iliyotoka kwa mabaharia wa nyambizi za Marekani ikaingia hospitalini. Unasema hali ilivyo sasa, kisha historia yake, kisha unavyoona wewe, kisha unachoomba kifanyike. Wodini kwetu ingekuwa hivi: "Mama wa kitanda cha kwanza ana kifafa cha mimba, sindano ya saa kumi na mbili imechomwa. Alidegedeka jana jioni, usiku hajadegedeka. Naona anaendelea vizuri ila mkojo umepungua. Naomba upime mkojo kabla ya dozi ya saa nne." Sentensi nne. Hakuna nafasi ya kuuliza nani alilala. Uzuri wa mpangilio ni kwamba unambeba mtu aliyechoka, kwa sababu hahitaji kufikiri aanzie wapi.

Wenzetu husema hawana muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, uliwafuata madaktari wanaosomea utabibu wa watoto baada ya kufundishwa kukabidhiana kwa utaratibu. Makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23, na muda uliotumika kwa kila mgonjwa haukuongezeka kwa maana yoyote, takriban dakika 2 na nusu. Walikuwa madaktari, lakini sioni kwa nini uchovu wa muuguzi uwe tofauti.

Tabora tuna mali nyingine ambayo hatuitumii inavyostahili: utani. Watafiti wengi wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na makabila mengine na safari za misafara ya wapagazi kati ya huku na pwani, pale wageni walipolazimika kulala, kula na kuzikana pamoja. Mtani anaweza kukuambia ukweli mchungu ukacheka, na msibani ndiye anayefanya kazi bila kuitwa. Nimemwona Mzaramo mmoja akimwambia muuguzi mwandamizi Mnyamwezi, "Wewe mtumwa wangu, leo umeacha chati uchi," naye akacheka huku anachukua kalamu. Mimi nisingethubutu. Lakini utani una mipaka. Usifanywe mbele ya mgonjwa, usiguse dawa inayochomwa wakati huo, na usielekezwe kwa mtu asiye na haki ya kukujibu. Mwandamizi anayemtania mwanafunzi kila siku anamwonea tu.

Kinachotuumiza zaidi ni ile tabia ya funika kombe mwanaharamu apite. Mimi sina ugomvi na kufunika kombe pembeni ya kitanda, mgonjwa hapaswi kusikia tunavyolumbana. Shida ni kombe lisipofunuliwa tena. Baada ya mwezi halina tena habari ya dripu, lina habari ya "yule dada ananidharau".

Asubuhi ile sikumkemea mtu wodini. Niliichukua chati, nikampigia dada wa usiku simu kuhakikisha saa ya sindano, nikamwambia akalale. Jioni, kabla zamu yake haijaanza, nilimwomba yule wa asubuhi abaki. Tukakaa chumba cha chai watatu. Swali langu kwa dada wa usiku lilikuwa moja: "Usiku ulikuwaje?" Alieleza kuhusu kitanda cha pili. Mwenzake aliinamisha kichwa, akasema hakuambiwa. "Hukuniuliza," akajibiwa. Wote wawili walisema kweli. Kisha dada wa usiku naye akakiri kwamba kuondoka bila ripoti lilikuwa kosa lake, na mwenzake akaomba radhi kwa maneno yake ya mbele za watu.

Tangu hapo tukabadilisha mambo machache. Ripoti haikupokelewa tena mezani, ilipokelewa kitanda kwa kitanda, chati mkononi, wote wawili wakitazama dripu ileile. Dawa za hatari zilihesabiwa pamoja na kusainiwa na pande zote mbili. Na inchaji alifika dakika 15 mapema, akasimama pale mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake, tulipofika kitanda cha kwanza, nilimpa yule mwanafunzi chati aisome kwa sauti. Alinitazama, akamtazama yule mama wa zamu ya asubuhi, akaanza kwa kutaja jina lake.