Mikumi usiku: tuta, nyasi na miguu ya twiga

"Injinia, twiga usiku humwoni. Unaona nguzo nne zinatembea."

Aliyeniambia hivyo ni dereva wa semi aliyenipa lifti kutoka Morogoro. Niliiomba makusudi, nipite Hifadhi ya Taifa ya Mikumi usiku nikiwa juu kwenye kebini. Kijiji cha Doma tulishakiacha nyuma. Basi lilikuwa linakuja mbele yetu, dereva wangu akashusha taa, na kwa sekunde chache tukabaki na lami ya kama mita 50. Baada ya hapo, giza.

Kazi yangu ni ukaguzi wa usalama wa barabara: napita, napima, naandika ni wapi patakuja kuua mtu. Nikiwa Mikumi hesabu yangu yote huanzia kwenye zile mita 50. Katika usanifu tunampa dereva sekunde mbili na nusu aone kitu, akitambue na kukanyaga breki. Akiwa kilomita 100 kwa saa, sekunde hizo peke yake zinakula karibu mita 70, na mpaka gari lisimame zimekwisha kama 185. Akiwa 80 ni 130 hivi. Akiwa 50 ni kama 65. Hapo nazungumzia gari dogo. Semi yenye mzigo inadai zaidi. Kwa hiyo taa zikiwa chini, hata mwendo wa 50 unabana, na anayekwenda 100 anaendesha kwa kudra ya Mungu. Nyati ni mweusi, lami nyeusi. Macho ya tembo yapo juu kuliko mwanga wa taa, usitegemee yang'ae.

Barabara yenyewe ndiyo ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, na inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Hifadhi ilianzishwa 1964, kabla barabara hiyo, TANZAM, haijatiwa lami. Kaskazini kuna mbuga ya Mkata. Kusini eneo lilipanuliwa 1975 mpaka likagusa Pori la Akiba la Selous. Mnyama hana njia ya kutoka huku kwenda kule bila kukanyaga lami. Na si jambo lililogunduliwa jana: mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha utafiti wa wanyama wanaogongwa humo, akiwaangalia zaidi nyani.

Watu huniuliza kwa nini tusiitengeneze tu iwe salama kama barabara nyingine. Shida ni kwamba dawa zetu nyingi zimetungwa kwa ajili ya barabara isiyo na tembo. Kingo za chuma zinamzuia dereva asitumbukie bondeni, lakini swala aliyeingia katikati ya kingo mbili hana pa kutokea. Taa za nguzoni zinaondoa giza, na giza la Mikumi ni sehemu ya kile tunachokilinda. Kupanua lami? Dereva akipewa nafasi anaongeza mwendo, hilo sihitaji utafiti kulijua.

Nyasi ndizo zilizonifundisha adabu. Zamani ningeandika bila kufikiri: fyekeni mita kadhaa kila upande, dereva amwone mnyama mapema. Ni kweli, anamwona. Ila nyasi iliyofyekwa inachipua laini, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami yanainywesha, kwa hiyo kiangazi kikianza ukingo wa barabara unabaki kijani wakati mbuga imeshageuka kahawia. Unakuwa umewaandalia swala na pundamilia karamu mita mbili kutoka kwenye tairi. Siku hizi sishauri kufyeka bila kutaja mwezi. Fyeka mwishoni mwa mvua, nyasi zikiwa zimeanza kukauka, zisipate nguvu ya kuchipua tena. Na mti mkubwa uliosimama mbali kidogo na bega la barabara, uacheni.

Matuta nayo madereva wanayalaani, nami nayatetea kwa shingo upande. Yanaharibu springi, yanamwaga mzigo, na tuta lisilo na rangi wala rasta za kumwamsha dereva kabla hajalifikia ni mtego. Lakini yanafanya kazi saa 8 usiku, trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo akiwa amelala. Tochi inalinda pale ilipo tu, na madereva wanapeana taarifa kwa kuwashiana taa.

Ila tuta lina lake. Gari likipunguza mwendo, abiria anarusha gunzi na ganda la ndizi. Nyani wameshaelewa. Nimekaa nikawahesabu kwenye tuta moja: kumi na wanne, wamejipanga kama wachuuzi wa stendi wakisubiri basi. Tuta tuliloliweka kuwaokoa limegeuka mgahawa wao.

Kuna wanaonitajia kivuko cha Kenya, kile kilichoanza kutumika 2011 ambako tembo wanapita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Nakipenda. Lakini Mkata ni tambarare. Ili tembo apite chini, lami inabidi ipandishwe juu ya tuta refu la udongo, na mvua za masika zikija tuta hilo ni bwawa. Ni ukuta pia, unaoukata upeo wa macho katikati ya hifadhi.

Kwa hiyo ningechagua saa. Pima muda gari linapoingia hifadhini na linapotoka. Kilomita 50 kwa mwendo wa 50 ni saa nzima. Ukitokea upande wa pili kwa dakika 35, umekuwa juu ya 85 na hakuna wa kubishana naye. Unahitaji kamera mbili tu, moja kila mwisho, na katikati huweki hata nguzo.

Tulipofika Mikumi mjini dereva wangu alitazama saa ya kwenye dashibodi. "Tumeivuka hifadhi kwa saa nzima na dakika kumi," akasema, akicheka kidogo. "Ningekuwa peke yangu, injinia, ningetumia dakika arobaini."