Lenzi ndefu ya mtumba: vumbi lisikutishe, kuvu ikutishe

Anayeuza lenzi ndefu iliyotumika hukuonyesha kwanza vitu visivyo na uzito: sanduku lake, kofia yake, jinsi mwili unavyong'aa. Mnunuzi naye mara nyingi hukagua hivyo hivyo. Anaona punje mbili tatu za vumbi ndani, anaghairi, kisha kesho yake ananunua nyingine iliyo safi machoni ambayo mota yake ya fokasi imeshachoka. Kwa picha za ndege na wanyamapori, ukaguzi unapaswa kuanzia mahali pengine kabisa: kwenye kamera uliyo nayo. Lenzi isiyoelewana na kamera yako ni mzigo wa kilo mbili, basi.

Nikon ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kamera zake ndogo, jamii ya D3000 na D5000 (D3200, D5300 na wenzao), hazina mota ya fokasi mwilini. Lenzi zilizoandikwa AF peke yake, si AF-S, hutegemea mota hiyo. Ndiyo maana ile 80-400mm f/4.5-5.6D VR ya mwaka 2000, ambayo bei yake huvutia, ukiifunga kwenye D5300 itabidi uzungushe fokasi kwa mkono, na furukombe akishashuka kuchukua samaki hakusubiri. Kwenye D90, D300 au D7000 inafanya kazi vizuri. Kwenye kamera za Z (za Nikon zisizo na kioo cha ndani) zenye adapta ya FTZ, fokasi ya kujiendesha haipo kwa lenzi za aina hiyo. Kuna mtego wa upande wa pili pia: 200-500mm f/5.6E ya mwaka 2015 huendesha tundu la mwanga (lile linalopimwa kwa f/) kwa umeme, na kamera kama D90 haziwezi kuliamuru.

Canon ni rahisi zaidi. Tangu EF (aina ya lenzi za Canon) ilipoanza mwaka 1987 mota imo ndani ya lenzi, na lenzi hizo zinaingia kwenye kamera za R (za Canon zisizo na kioo cha ndani) kwa adapta bila kupoteza fokasi. Kwa Sigma na Tamron, swali langu la kwanza huwa hili: programu yake ya ndani inasasishwaje? Sigma 150-600mm za Contemporary na Sport husasishwa nyumbani kwa kifaa kiitwacho USB Dock, na Tamron 150-600mm G2 kwa TAP-in Console. Tamron 150-600mm ya kwanza haina njia hiyo. Ikigoma kwenye kamera mpya lazima iende kwa mafundi wa kampuni. Kwa vyovyote vile, nenda na kamera yako mwenyewe. Kujaribu kwenye kamera ya muuzaji hakukuhakikishii kitu.

Sasa urefu wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Mdiria mweusi na mweupe ana urefu wa kama sentimita 25. Akiwa mita 15 kutoka kwako, lenzi ya milimita 300 itamchora kwenye sensa (kipokea picha ndani ya kamera) kwa urefu wa milimita 5 hivi. Ya 400, karibu milimita 7. Ya 600, zaidi kidogo ya 10. Sensa ndogo ya Canon ina upana wa milimita 22, kwa hiyo kwa 400 mdiria atachukua takriban theluthi moja ya upana wa picha. Hapo manyoya yanasomeka. Kwa 300 atachukua chini ya robo na utaanza kukata picha. Kwa tembo au twiga Amboseli, 300 inatosha na wakati mwingine inazidi. Kwa chozi na keremkerem, 400 ndiyo ngazi ya kwanza.

Mwenye bajeti ndogo na kamera ya Canon, ningemwelekeza kwenye EF 400mm f/5.6L ya mwaka 1993 kabla ya kitu kingine chochote. Ina uzito wa kilo 1.25, haina zumu, haina kituliza mtikisiko. Watu huikimbia kwa sababu hiyo ya mwisho, lakini kituliza mtikisiko hutuliza mikono yako tu, hakimsimamishi ndege. Anayeruka anahitaji kasi ya shata ya 1/2000 hivi, na kwa kasi hiyo mikono yako haina athari tena. Halafu kilichokosekana ndani ya lenzi hakiwezi kuharibika. Ubaya wake ni kwamba haikaribii chini ya mita 3.5, na alfajiri msituni utalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Mwenye Nikon atazame 300mm f/4 aina ya AF-S pamoja na kirefushi cha 1.4x (kilenzi kinachofungwa kati ya lenzi na kamera): unapata 420mm f/5.6. Kumbuka kirefushi hicho hula stopu moja ya mwanga, yaani nusu yake. Ukikiweka kwenye lenzi ya f/5.6 unafika f/8, na kamera nyingi za zamani zenye kioo cha ndani (DSLR) huacha kufokasi hapo. Zumu za 150-600mm ni nzuri kwa anayepiga picha ndani ya gari, ila ujue kwamba zikiwa 600 picha hulainika kidogo tundu likiwa wazi kabisa, na hurudi kuwa kali ukifika f/8.

Tochi

Toa filta na vifuniko vyote viwili, ingia penye giza kiasi. Elekeza tochi ya simu nyuma ya lenzi, kisha tazama kutoka mbele kwa ubavu, si moja kwa moja kwenye mwanga. Lenzi za Canon EF zikiwa nje ya kamera tundu lake huwa wazi. Za Nikon aina ya D na G hujifunga, kwa hiyo sukuma kwa kucha kile kiwiko kidogo kilicho nyuma ili ulifungue. Zungusha lenzi polepole, badili pembe, halafu igeuze upitishe mwanga kutoka mbele.

Vumbi huonekana kama nukta zilizotawanyika. Hata lenzi mpya ina nukta hizo ukiimulika hivi. Zumu inayorefuka huvuta hewa kila ukiizungusha, na ikiwa imefanya kazi Tsavo, udongo mwekundu utakuwemo tu. Nukta hizo ziko mbali mno na sensa kuonekana kwenye picha. Usizilipie kwa kukataa lenzi nzuri; zitumie kupunguza bei. Mikwaruzo michache kwenye kioo cha mbele nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa unapopiga picha kuelekea jua. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine, kwa sababu hapo mwanga umeshakusanyika na sensa iko karibu.

Kuvu ina umbo. Tafuta nyuzi kama utando wa buibui, au vimizizi vyenye matawi, mara nyingi vikianzia ukingoni mwa kioo. Lenzi zilizoishi Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam zikaguliwe mara mbili. Ikiwa changa, na iko kwenye kioo cha mbele kabisa au cha nyuma kabisa, fundi anaweza kuifuta. Ikikaa, asidi yake hula ule utando mwembamba wa kuzuia mng'ao na mwishowe kioo chenyewe. Hapo hata ukifuta, alama inabaki na ndege aliye mbele ya anga jeupe anapauka. Ikiwa katikati ya lenzi yenye kituliza mtikisiko, iache. Kuifungua, kuisafisha na kurudisha kila kioo kwenye mstari wake kunaweza kula sehemu kubwa ya bei uliyookoa.

Ukungu mweupe kama maziwa, uliosambaa bila nyuzi, mara nyingi ni mvuke wa grisi. Ukiona doa lenye rangi za upinde wa mvua likitambaa kutoka ukingoni, gundi iliyounganisha vioo viwili inaachia. Hilo halina tiba ya bei nafuu.

Ukishamaliza vioo, tumia masikio. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo wa mchanga utausikia na kuuhisi vidoleni. Zumu kujishukia ukiielekeza chini si ugonjwa mkubwa. 100-400mm ya kwanza ya Canon, ile ya kusukuma na kuvuta, ina pete maalumu ya kuikaza. Kagua ukingo wa kufungia filta: ukiwa umebonyea, lenzi imeanguka, maneno ya muuzaji yawe yoyote. Skrubu za kitako zenye vichwa vilivyochubuka zinasema imewahi kufunguliwa. Uliza na nani. Unga mweupe au wa kijani kwenye skrubu ni chumvi ya bahari, na usitarajie kuwa imeishia hapo nje.

Mota ya fokasi ijaribiwe kwa kuichosha. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara 20 mfululizo. Mlio mwembamba kama wa kipande cha bati, au fokasi inayokwama katikati kisha kushtuka, ni dalili ya mota inayoelekea kufa, na kwa lenzi iliyoacha kutengenezwa miaka mingi vipuri huwa vimekwisha. Kabla ya kuilaumu, angalia swichi ya mipaka ubavuni. Ile 400mm f/5.6 ikiwekwa 8.5m haitafokasi kitu cha mita 5, na hiyo si hitilafu. Kwa kituliza mtikisiko (IS, VR, OS, VC na OSS ni kitu kilekile), bonyeza shata nusu: mvumo mdogo ni kawaida, na picha itulie mara moja. Ikirukaruka au ikitambaa upande mmoja, kimeharibika. Kutikisika kwa kitu ndani lenzi ikiwa nje ya kamera ni kawaida kwa baadhi ya lenzi za aina hii.

Picha za majaribio

Tripodi, ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa, umbali wa mita 10 hadi 15, kituliza kimezimwa, kihesabu cha sekunde 2, tundu wazi kabisa. Kamera iwe sambamba na ukuta. Pembe nne zikiwa laini kwa usawa, sawa, ndege wako atakuwa katikati. Upande mmoja ukiwa laini kuliko mwingine, kuna kioo kilichohama mstari. Kisha laza rula kwa nyuzi 45, fokasi kwenye namba mojawapo, uone kama ukali umeangukia mbele au nyuma yake. Kwenye Canon 7D au Nikon D7000 unarekebisha kwenye menyu; kwenye jamii ya D3000 na D5000 huwezi. Kamera zisizo na kioo cha ndani hazina shida hii kwa kawaida, kwa sababu fokasi inapimwa kwenye sensa yenyewe.

Usijaribu lenzi kupitia dirisha la duka, wala saa saba mchana juu ya lami. Hewa ya moto huyeyusha picha, na lenzi nyingi nzima zimerudishwa kwa kosa la jua. Toa pia filta ya bei rahisi iliyofungwa mbele; kwenye milimita 400 na kuendelea inaweza kuharibu ukali peke yake.

Omba picha ya namba ya seriali kabla hujafunga safari, na ilingane na ya kwenye lenzi. Usitume M-Pesa ya "kuishikilia". Anayekataa dakika 30 za majaribio penye mwanga na umeme ameshakujibu.

Ikifika nyumbani, iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na silika jeli (vipunje vinavyofyonza unyevu) na kipima unyevu kidogo, kisome asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120, saa 2 au 3. Mfuko wake wa awali wenye sponji uwe wa kubebea tu, kwa sababu sponji hushika unyevu na kuukalisha ubavuni mwa lenzi usiku kucha.