Asilimia 2 ya watu wenye ulemavu inakwama wapi?

Ukisema "asilimia kumi" kwenye ofisi yoyote ya kata Tanzania Bara, hakuna atakayeuliza asilimia kumi ya nini. Ni ile mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutokana na mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zamani halmashauri iliyobanwa na bajeti iliweza kuiruka kimyakimya. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kutenga fedha hizo kukawa lazima.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii. Nilikopita, fungu dogo kuliko yote ndilo limekuwa gumu kupata waombaji, na maelezo ya maofisini ni yaleyale: "Hawajitokezi."

Siyakubali. Fuata safari ya ombi moja. Tangazo limebandikwa ubaoni, asiyeona atalijuaje? Likisomwa kwenye mkutano wa mtaa bila mkalimani wa lugha ya alama, kiziwi atakuwa amehudhuria bure. Mwombaji akibahatika kupata habari kwa jirani, inafuata katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), akaunti ya benki, usajili. Na anayetakiwa kugonga muhuri yuko ghorofani, jengo halina lifti. Anayetumia kiti mwendo daladala haimsubiri, kwa hiyo kila "njoo kesho" ni bajaji ya kukodi, kwenda na kurudi. Mtu anaweza kumaliza mtaji wake mdogo akifuatilia mkopo.

Halafu kuna kikundi chenyewe. Mjini utakipata. Kwenye kitongoji chenye kaya zilizotawanyika, mwenye ulemavu atawapata wapi wenzake wanaoaminiana na wanaotaka biashara ileile? Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2021 yalipunguza idadi ya wanakikundi na kumfungulia mlango hata mtu mmoja aliyekosa wenzake. Kwangu mimi, mstari ule mmoja una faida kuliko semina nyingi za uhamasishaji nilizokaa, pamoja na zile nilizoendesha mwenyewe. Shida ni kwamba bado unakuta mtendaji anamwambia mtu, "Kaunde kikundi kwanza."

Aprili 2023 mikopo ilisitishwa nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Iliporudi mwaka 2024 ilikuja na uhakiki mkali zaidi, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuipitisha benki. Uhakiki ulihitajika, sina ubishi. Ila kila karatasi mpya unayoongeza ili kumkamata tapeli, tapeli ataipata kwa siku moja. Anayeumia ni yule wa bajaji.

Tena asilimia ni sawa, fedha si sawa. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 10, asilimia 2 ni milioni 200. Ikikusanya milioni 800, ni milioni 16 kwa wilaya nzima. Hilo haliwezi kutatuliwa na afisa wa kata.

Analoweza ni hili: kukusanya nyaraka zote kwa siku moja, kwenye ofisi ya mtaa isiyo na ngazi, mtendaji na muhuri wake wakiwa hapohapo. Na asianze na ubao wa matangazo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka kamati ya watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Wanakamati hao ndio wanaojua nani anaishi nyumba ipi na anauza nini. Kwingi nilikofika kamati hiyo ipo kwenye jalada tu, kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa mtaa wenu ulizeni: mwenyekiti wake ni nani, na mara ya mwisho ilikaa lini?