Kashata ya asali nayo ni ya sukari

Hapa Dodoma asali ya Singida haikosekani sokoni, na wengi tunaamini kwamba mwenye kisukari akitengenezewa kashata kwa asali badala ya sukari, yuko salama. Si kweli, na imani hii inaumiza watu tunaowapenda. Asali ni glukosi na fruktosi, pamoja na maji kidogo. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari. Kijiko hicho hicho cha sukari nyeupe kina gramu 12 hivi, maana asali ni nzito. Hata iwe ya nyuki wadogo, sukari ya damu itapanda. Zabibu kavu vilevile.

Nyumbani tunamtengenezea mama mdogo hivi: karanga tunazikaanga, nusu tunazitwanga mpaka zitoe mafuta yake, ndiyo yanayoshika kashata. Sukari ni vijiko viwili kwa sinia zima, iliki ya kutosha, na vipande vidogo kama nusu ya kiberiti. Anakula kimoja baada ya chakula, kisha anapima.

Ubuyu mweupe hauna shida kubwa. Shida ni ile shira nyekundu. Asali yenyewe tunamwekea akiba, kwa siku sukari yake ikishuka ghafla na mikono ikaanza kutetemeka.