Chumba 237 si dhambi

Ikitoka filamu ya kutisha iliyotokana na riwaya, hakosi mtu mwenye orodha. Chukua The Shining, hadithi ya familia inayolinda hoteli tupu msimu wa baridi: kitabuni chumba chenye mzuka ni 217, kwenye filamu 237. Kitabuni nyundo ya mchezo, kwenye filamu shoka. Anajumlisha, kisha anahukumu: hawakukifuata kitabu. Sisi tunaoandika skripti hesabu hiyo imetuchosha.

Hiyo 237 ya The Shining (1980) iliombwa na Timberline Lodge, hoteli ya Oregon inayoonekana kwa nje kwenye filamu. Walihofia wageni watakikimbia chumba chao halisi cha 217. Basi, hakuna fumbo.

Ukitaka ugomvi wa maana, mwangalie Jack, yule baba mlinzi wa hoteli. Kwenye riwaya ya Stephen King ya 1977 ni baba anayempenda mwanawe, ameacha pombe, anapigana na hasira zake na anashindwa kidogo kidogo. Tuko kichwani mwake, tunamsikia akijipa haki kila anapoteleza, na baya zaidi ni kwamba mara nyingine tunamwelewa. Mwongozaji wa filamu, Stanley Kubrick, akampa nafasi hiyo mwigizaji Jack Nicholson, ambaye tangu kwenye usaili wa kazi ana tabasamu la kukufanya umwonee huruma mkewe. Theluji ipo, baa ipo, mwanamke wa bafuni yupo. Hofu ndiyo iliyohama: kitabuni unaogopa kumpoteza baba, kwenye filamu unamwogopa baba. Ndiyo maana mwisho nao ukabadilika. Kitabuni Jack anarudiwa na akili kwa muda mfupi, anamwambia mtoto akimbie, halafu boila ya hoteli, mtambo wa kupashia joto, inalipuka. Kwenye filamu anaganda kwa baridi akiwa bado anamwinda.

Wapo wanaosema dawa ni kuweka sauti ya Jack akisimulia mawazo yake. Jaribuni muone. Mtu anayejieleza vizuri hivyo hatishi.

King hakuipenda filamu ile, na mwaka 1997 akaandika mwenyewe tamthilia ya televisheni. Chumba 217 kikarudi, na wale wanyama wa kitabuni waliochongwa kwenye vichaka, ambao Kubrick aliwaacha, wakarudi. Ukurasani wanatisha kwa kuwa huwaoni wakisogea: unageuka, unakuta wamekaribia. Kwenye skrini wakatembezwa kwa kompyuta, na nilichokiona mimi ni bustani iliyokosa mtunzaji. Mwenye orodha atawapa alama zote.

Sasa kinachonitatiza: The Mist, hadithi nyingine ya King, ya watu walionaswa na ukungu wenye viumbe vya kutisha. Hadithi inamwacha baba njiani na mwanawe, wana tumaini dogo la redio. Kwenye filamu ya 2007, mwongozaji Frank Darabont anamfanya baba huyo ampige risasi mtoto na wenzao ili wasiteseke, na dakika chache baadaye jeshi linatokea. Tumaini limefutwa kabisa, na King akausifu mwisho huo. Kwa kipimo changu, cha kuangalia hisia badala ya orodha, ningeuita usaliti. Lakini ile hofu ya watu wanaoamua kwa pupa kwa sababu hawaoni mbele ni ileile ya hadithini, tena imesukumwa hadi mwisho wake. Leo naelemea kwa Darabont; muulizeni mhariri wangu, atawaambia wiki iliyopita nilisema kinyume.